Kabla hujaandika "mkali": kwa mnaoanza kazi kwenye nyumba za wazee Marekani

Wadogo zangu mliofika juzi na kukimbilia darasa la CNA (wasaidizi wa wauguzi), karibuni kazini. Mtaambiwa dawa haziwahusu, kwamba kazi yenu ni kuogesha, kulisha, kugeuza na kuandika. Kidonge kweli hamruhusiwi kukigusa. Ila hiyo "kuandika" ndiyo inayokileta, na mimi nilichelewa kulijua hilo.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na bibi mmoja aliyepoteza kumbukumbu. Kila jioni nikimbadilisha nepi alipiga kelele na kunifinya. Nikaandika "mkali, anakataa huduma". Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikanakili ya jana, maana nilikuwa na wazee 11 na basi la mwisho lilikuwa linaniacha. Daktari hakuja kumwona. Alipigiwa simu, akasomewa maneno yangu. Kesho yake kikaja kidonge kipya, kelele zikaisha, sote tukashukuru. Wiki mbili baadaye bibi alikuwa anasinzia hadi kidevu kinaingia kwenye bakuli la supu. Muuguzi mmoja Mfilipino ndiye aliyeuliza: huyu alipata choo lini? Kuangalia kumbukumbu, siku sita. Kumbe kila nikimgeuza nilikuwa nambana tumbo lililojaa.

Mazoea haya hatukuyaanzisha sisi wabeba boksi. Zyprexa, dawa ya magonjwa ya akili, iliidhinishwa kwa skizofrenia na baipola, lakini wauzaji wa Eli Lilly waliipeleka kwenye nyumba za wazee na msemo wao: miligramu 5 saa 11 jioni, mzee alale. (Kwa saa zao ni tano na tano, rahisi kukariri.) Mwaka 2009 kampuni ilikiri kosa la kuinadi kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ikakubali kulipa dola bilioni 1.415. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Johnson & Johnson, zaidi ya dola bilioni 2.2, kwa dawa zake ikiwemo Risperdal, ya aina hiyo hiyo. Serikali ilidai kampuni hiyo iliihonga Omnicare, iliyokuwa ikizisambazia nyumba za wazee dawa, ili wafamasia wake wawasukume madaktari. Na onyo lilikuwepo tangu 2005: katika majaribio ya wiki 10 hivi kwa wazee wa aina hii, waliomeza dawa za aina hii walikufa asilimia 4.5 hivi, waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani 2.6.

Sizipingi dawa. Nimemhudumia mzee aliyekuwa akisikia sauti zikimwambia chakula kina sumu, na bila kidonge chake alikuwa hagusi chakula. Kwa hiyo usije ukajifanya daktari, ukamwambia mtu aache ghafla. Wewe tazama na uandike. Mdomo unaotafuna wakati hauna kitu, ulimi unaotoka na kurudi, miguu isiyotulia: hayo dawa yenyewe huweza kuyaleta, na asiyejua huandika "anahangaika", dozi ikapanda tena.

Badala ya "mkali", andika hivi: "Saa 1:40 jioni, alipogeuzwa upande wa kushoto, alishika tumbo akalia." Kabla ya hapo hakikisha amekula, amekojoa, amepata choo, kifaa cha masikio kina betri. Sisi tuliofunzwa kumwamkia mzee shikamoo hata akiwa amekasirika hatupaswi kuona hili ni gumu.

Mengine mpelekee muuguzi. Dawa ya aina hii iliyoandikwa "akihitaji" ina kikomo cha siku 14, na daktari hatakiwi kuiongeza kabla ya kumpima mgonjwa mwenyewe. Na ukiona mzee wa miaka 84 ameandikwa kwenye faili wiki hii kuwa ana skizofrenia, uliza. Wenye skizofrenia hawahesabiwi serikali inapopima nyumba inatoa dawa hizi kwa wangapi, na zipo nyumba zilizoutumia mlango huo.