Maswali ya wasomaji: Nzi wa matunda wa Kyela na wa Uyole

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa Uyole, Mbeya. Mwezi Juni nilitia mapera yenye funza katika ndoo ya mchanga, nikaifunika kwa kipande cha chandarua, nikamwomba shemeji yangu wa Kyela afanye vivyo hivyo. Nzi wake walitoka baada ya wiki nne hivi, lakini wangu walinichukua miezi miwili. Aliponiletea wake ndani ya chupa, niliona hawafanani na wangu. Je, ni nzi wale wale waliobadilishwa na baridi, au ni aina nyingine? Na je, nitege mitego kwa kufuata kalenda yake?

JIBU: Ndugu msomaji, jaribio lako ni zuri sana, na tunatamani wakulima wengi zaidi wangelifanya.

Tuanze na baridi. Kutoka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, hadi Uyole unapanda zaidi ya mita 1,000, na kwa kila mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Nzi hana joto lake mwenyewe. Funza hukua kwa kasi anayoruhusiwa na hewa na udongo. Nzi yule aliyetoka Asia na kuonekana Afrika Mashariki mwaka 2003, ambaye sasa ndiye adui mkuu wa maembe, huhitaji siku 18 hivi kutoka yai hadi nzi kamili katika nyuzi 30, lakini katika nyuzi 15 huhitaji takriban siku 75. Kwa hiyo hata kama ndoo zenu zingekuwa na nzi wa mama mmoja, yako ingechelewa.

Hata hivyo, si kila tofauti huletwa na hali ya hewa ya siku hiyo. Nyingine zimo katika damu, yaani hurithiwa. Ili kuzitenganisha, wataalamu huchukua nzi wa sehemu mbalimbali na kuwalea wote katika chumba kimoja, kwa joto moja na chakula kimoja. Matokeo ya jaribio la namna hiyo kwa nzi wa Mediterania, aina nyingine ya nzi wa matunda ambaye asili yake ni Afrika, yalitolewa mwaka 2009: nzi wa Kenya, Hawaii na Guatemala waliishi kwa wastani wa siku 48 hadi 58, ilhali wa Ugiriki, Ureno na Brazil waliishi siku 72 hadi 76. Chumba kilikuwa kimoja, spishi ni moja, lakini urefu wa maisha ulitofautiana kwa kufuata asili yao.

Na damu hiyo haihitaji karne nyingi kubadilika. Kinzi kimoja kidogo cha Ulaya, cha jamii ya vile vinavyozunguka ndizi zilizoiva sana, kiligunduliwa Chile mwaka 1978 na magharibi mwa Marekani Kaskazini mwaka 1982. Kufikia mwaka 2000 ilikwisha kuonekana kwamba majike wa Marekani Kaskazini walioko mbali zaidi na ikweta wana mabawa marefu zaidi, kama ilivyo kwao Ulaya, hata wanapolelewa pamoja na wenzao.

Sasa tazama chupa zako kwa makini, kwani huenda jibu lako liko hapo. Nzi wa Asia ana mabawa maangavu yenye mstari mweusi ukingoni, mistari miwili ya njano mgongoni, na alama kama herufi T tumboni. Ukiona mabawa yenye mabaka ya kahawia na njano, huyo ni wa kundi la wenyeji wetu. Kundi hilo nalo lina fundisho: nzi aliyedhaniwa kuwa spishi moja yenye sura ya mabondeni na sura ya milimani alitenganishwa mwaka 2016 kuwa spishi mbili, na yule wa milimani ndiye mvumilivu zaidi wa baridi. Katika milima ya Uluguru pia imeonekana kwamba nzi wa Asia hupungua kadiri unavyopanda, na wenyeji wakaongezeka.

Kwa sababu hiyo tunakushauri usifuate kalenda ya shemeji yako, wala usinunue kivutio chake (dawa ya harufu ya kuwavutia nzi mtegoni) kabla ya kumtambua nzi wako. Mithaili yujinoli, inayovuta madume wa nzi wa Asia kwa nguvu kubwa, haiwavuti wenyeji hao wa milimani; mtego ungebaki mtupu nawe ungedhani shamba ni salama huku mapera yakioza. Chambo cha protini huwavuta wa makundi yote mawili. Matunda yaliyoanguka yaokote mara mbili kwa wiki, uyafukie kina cha nusu mita au uyafunge katika mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani.

Kisha rudia ndoo yako mwezi Oktoba, kunapokuwa na joto, ukiandika tarehe ya kutia matunda na tarehe ya nzi wa kwanza. Idadi ya siku utakayoipata, ukiilinganisha na ile ya Juni, ndiyo itakayokuonyesha ni lini uanze kutega huko Uyole.