Kura Moja Inapokwamisha Sera ya Wengi

SWALI: Ndugu Mhariri, Viktor Orbán wa Hungaria alitangaza mwaka 2014 kwamba anajenga dola isiyo ya kiliberali, yaani isiyotanguliza uhuru wa mtu binafsi na mipaka ya madaraka ya serikali, na serikali iliyoiongoza Poland kuanzia 2015 hadi 2023 ililaumiwa kwa kuingilia mahakama. Serikali za namna hiyo zinaathiri vipi sera ya maendeleo ambayo Umoja wa Ulaya huipanga kwa pamoja? Je, misaada hupungua?

JIBU: Fedha, kwa sehemu kubwa, huendelea kutoka. Mfuko mkuu wa Umoja wa Ulaya kwa ajili ya nchi za nje, wenye takriban euro bilioni 79.5 kwa kipindi cha 2021 hadi 2027, uliundwa kwa sheria inayopitishwa kwa wingi wa kura, kwa hiyo nchi moja au mbili zisingeweza kuuzuia. Mvutano mkali huzuka pale panapohitajika ridhaa ya wanachama wote 27, yaani katika mikataba mikubwa na katika matamko ya pamoja, ambako hata neno moja linaweza kugombaniwa kwa miezi.

Chukua mkataba uliorithi ule wa Cotonou wa mwaka 2000, unaounganisha Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki. Mazungumzo yalimalizika Desemba 2020 na wajumbe wakuu wakaweka saini za awali Aprili 2021, lakini Hungaria ikazuia ridhaa yake kwa kupinga vipengele vya uhamiaji, jinsia na afya ya uzazi. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Poland, safari hii kwa sababu ya mgogoro wa uingizaji wa nafaka kutoka Ukraine, jambo ambalo halikuhusiana kabisa na mkataba wenyewe. Saini ziliwekwa Apia, Samoa, tarehe 15 Novemba 2023, na muda wote huo mkataba wa zamani ulikuwa ukiongezewa muda kipande kwa kipande. (Ni haki kusema pia kwamba baadhi ya serikali za upande wa pili nazo zilikuwa na mashaka na vipengele hivyo vya jinsia.)

Mwishoni mwa 2020, Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, ilipotoa mpango wake wa tatu wa usawa wa kijinsia katika mahusiano ya nje, Bulgaria, Hungaria na Poland zilikataa kuuunga mkono. Ujerumani, iliyokuwa mwenyekiti wa zamu wa Baraza, chombo cha mawaziri wa nchi wanachama, ikalazimika kutoa hitimisho kwa jina la uenyekiti badala ya Baraza lenyewe, likiungwa mkono na nchi 24. Mpango ulitekelezwa, ila bila uzito wa kauli ya Baraza zima.

Kwa maoni yangu, athari kubwa zaidi ndiyo isiyoandikwa popote: waandishi wa rasimu, wakijua nani atapinga nini, huanza kupunguza maneno kabla hata hawajapingwa. Kuhusu uhamiaji, tusidanganyane. Serikali nyingi zinazojiita za kiliberali zilikuwa tayari zikitaka misaada ifungamanishwe na kuzuia wahamiaji, na kelele za Budapest, yaani serikali ya Hungaria, ziliwapa kivuli cha kujifichia.