Kulipwa kwa neno hakutoshi, nifanyeje?

Ndugu mwandishi, nimekuelewa: unamwandikia mteja mmoja makala, analipa kwa idadi ya maneno, na hata ukikesha kipato hakisogei. Usiongeze saa za kuandika. Badili unachouza.

Anza na bei. Mteja mpya mtajie bei ya kazi nzima, utafiti na marekebisho mawili yakiwa ndani. Ya tatu alipie. Kwenye malipo ya neno, ukifupisha makala ikawa nzuri zaidi, umejipunguzia mwenyewe ujira (upuuzi mtupu). Huyo wa zamani mpandishie taratibu, tena ukiwa na mwingine mkononi, maana anaweza kukataa.

Kisha uhariri na tafsiri. Kwa uzoefu wangu hizi hulipa haraka kuliko vitabu, kwa sababu kampuni na mashirika huzihitaji mwaka mzima. Kuwaandikia watu hotuba na kumbukumbu za maisha yao nako kuna fedha, ila jina lako halitaonekana.

Kitabu pepe? Sawa. Amazon hutoa mrabaha (fungu la mauzo analopata mwandishi) wa asilimia 70 kwa bei ya kati ya dola 2.99 na 9.99 katika masoko yake makubwa. Nje ya hapo ni 35. Usikitegemee kwa kodi ya nyumba.

Jihadhari na mkataba unaochukua haki zako zote kwa malipo ya mara moja, na mchapishaji anayekudai wewe pesa. Mkataba wa kitabu mwonyeshe mwanasheria wa hakimiliki kabla hujasaini. Kwa kazi kubwa, dai nusu ya malipo kwanza.