Msimamizi wa mtihani: anasimama au anakesha?

Swali: Mimi ni mwalimu hapa Malindi. Kwenye mitihani ya kitaifa kuna "supervisor" wa kituo na "invigilator" wa chumba, na wote wawili twawaita msimamizi. Hilo la pili lina maana gani hasa, na asili yake ni wapi? Nimtafutie huyu jina lake peke yake?

Jibu: Ahsante, mwalimu. Neno hilo Waingereza wamelitoa Kilatini: *invigilare*, kukesha ukilinda kitu. Ndani yake mna *vigil*, yaani aliye macho. "Supervisor" pia ni la Kilatini: anayeona kutoka juu. Kazi ya wote wawili, basi, iko machoni.

Kiswahili kimeshika miguu. Chukua simama, tia kiambishi cha kutendea, wapata simamia: kusimama kwa ajili ya jambo mpaka liishe, na likiharibika waulizwa wewe. Pita mtaa wowote wa Lamu nyumba inapojengwa. Boriti za mikoko zapandishwa dari, na aliyetumwa na mwenye nyumba yuko pale pale juani, azihesabu moja moja, wala hashiki nyundo. Huyo ndiye msimamizi. Msimamizi wa mirathi ni vivyo hivyo, na wa mtihani pia.

Hiyo *-zi* ya mwisho nayo ina habari yake, na mimi naipenda sana. Kiambishi cha kutendea zamani kilikuwa na *l*: simamila. Katika kitenzi *l* imedondoka, lakini ilipokutana na *i* ya kuundia mtu iligeuka *z*, ikabaki. Ndivyo lea ilivyozaa mlezi, na okoa mwokozi.

Mtihani ni Kiarabu, *imtihan*. Kule *m* ni ya mzizi. Sisi tukaifanya kiambishi cha ngeli, tukapata mitihani. Na pwani neno halijaacha maana ya majaribu: mgonjwa akizidiwa, watu husema "huu ni mtihani".

Jina jipya silioni haja yake. Ukimwita mkeshaji utawapoteza watu, kwani kwetu anayekesha yuko kwenye Maulidi au kando ya mgonjwa, si darasani saa mbili asubuhi. Wa kituo mwandike msimamizi mkuu. Yule apitaye katikati ya madawati, anayempelekea karatasi ya ziada mtahiniwa aliyeinua mkono, ni msimamizi wa chumba.