Apdeti ya kerneli bila kuributi haijaziba kitu, mimi yalinikuta

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia, meseji yenyewe fupi tu: "Kaka, seva naifanyia apdeti kila wiki, sasa mbona skana bado inaniambia kerneli ina tundu?" Kerneli ni kiini cha mfumo wa Linux, ndicho kinachoendesha mashine nzima, tundu ni udhaifu ambao mvamizi anaweza kuupitia, na skana ni programu ya kuyatafuta hayo matundu. Niliisoma nikaweka simu chini kwanza. Swali hilo hilo nilitakiwa nijiulize mwenyewe Machi 2022, sikujiuliza, na yaliyofuata bado yananiuma. Mficha maradhi kilio humuumbua, kwa hiyo leo naeleza yote.

Kipindi hicho nilikuwa natunza seva za kampuni moja, zote Debian 11, mojawapo ya mifumo ya Linux, na nilikuwa najivunia kweli kweli. Apdeti za usalama zinaingia zenyewe usiku, bakapu zipo, logi nazisoma kila asubuhi kabla sijafungua kitu kingine chochote. Tarehe 7 Machi ikatangazwa Dirty Pipe, namba yake ya utambulisho CVE-2022-0847, tundu lililokuwa kwenye kerneli ya Linux kuanzia toleo la 5.8. Ubaya wake ni kwamba mtumiaji wa kawaida kabisa, asiye na ruhusa yoyote ya maana, aliweza kuandika juu ya faili ambalo ameruhusiwa kulisoma tu, na ukishaweza kuandika kwenye /etc/passwd, faili la orodha ya watumiaji, wewe ndiye mwenye mashine. Aliyeligundua, Max Kellermann, wala hakuwa anawinda matundu, alikuwa anahangaika na mafaili ya logi yaliyokuwa yanaharibika bila sababu, akafuatilia na kufuatilia mpaka akajikuta ndani ya kerneli. Aliripoti tarehe 20 Februari, tarehe 23 matoleo yaliyozibwa yakatoka, sisi wengine tukasikia Machi. Yaani dawa ilitangulia habari ya ugonjwa.

Bosi akanipigia asubuhi. "Hiki kitu kinatuhusu?" Nikaingia kwenye seva, nikaandika uname -r, amri inayokutajia jina la kerneli inayofanya kazi, ikanitolea 5.10.0-11-amd64. Nikatazama ndani ya /boot, folda zinamokaa kerneli zilizoinstoliwa, kerneli mpya kuliko zote iliyokuwepo ni 5.10.0-11-amd64. Nikatazama logi ya apdeti, pachi, yaani rekebisho, ya Dirty Pipe imeingia usiku, hakuna hata kosa moja. Nikamwambia, "Mkuu, tuko salama, imeshaingia." Na kwenye kikao cha timu nikarudia maneno yale yale mbele ya watu wote.

Hapa ndipo naomba usome polepole. Debian hawakuhamia toleo jipya siku ile, walichukua lile rekebisho wakalishonea kwenye toleo walilokuwa nalo, likatoka 5.10.92-1 likawa 5.10.92-2, na lile jina la 5.10.0-11 likabaki vile vile bila kubadilika hata herufi. Faili jipya likakaa mahali pa faili la zamani kwenye diski. Lakini kerneli inayofanya kazi sio ile iliyoko kwenye diski, ni ile iliyopanda kwenye memori siku mashine ilipowashwa, na yangu niliiwasha Januari. Kwa hiyo diski ilikuwa imepona na mashine inaendelea kuumwa, na mimi nalinganisha majina mawili yanayofanana naona kazi imekwisha. Ningeandika uname -v, inayotaja toleo kamili, badala ya uname -r ningeiona ile 5.10.92-1 inanitazama. Herufi moja.

Siku tisa baadaye nafungua /root/.ssh/authorized_keys, faili la funguo za wanaoruhusiwa kuingia kama mwenye mamlaka yote, kwa shughuli nyingine kabisa, nakuta mistari mitatu. Mimi niliweka miwili. Niliihesabu mara ya pili, mikono ikawa ya baridi. Kwenye /tmp nikakuta programu ndogo ya C pamoja na faili lake lililoshakompailiwa, mwenye nayo ni www-data, akaunti ya seva ya wavuti. Jamaa alipita kwenye fomu ya kupandisha picha ya tovuti moja tuliyokuwa tumeihifadhi, akaipata akaunti hiyo ambayo peke yake haina nguvu yoyote, alafu kerneli ikamalizia kazi. Wale wanaosema "tundu hili linahitaji mtu awe na akaunti ndani ya mashine, halituhusu" wanisikie hapo. Fomu mbovu ya kupandisha picha ndiyo akaunti yake.

Tulifuta ile seva tukaijenga upya toka mwanzo, sitawachosha na habari ya hizo siku. Kilichobaki moyoni ni kile kikao cha baada. Bosi alinitazama akasema, "Wewe ulituambia tuko salama," na ni kweli nilisema, siwezi kukataa. Ila mle ndani walikuwemo watu wawili ambao nilishawaomba muda wa kuributi seva kila mwezi, wakanijibu wateja watalalamika, na siku ile walikaa kimya kama hawanijui. Kosa la kuhakiki vibaya lilikuwa langu na nalibeba. La kunyimwa dakika kumi za kuzima na kuwasha halikuwa langu, na nitalisema popote nitakapoulizwa.

Sasa wewe unayejifunza kazi hii na unataka siku moja uaminiwe na seva za watu. Ributi, yaani zima mashine uiwashe tena. Baada ya apdeti ya kerneli, ributi. Zile apdeti za usiku za Debian zinainstoo tu, haziributi mpaka wewe mwenyewe uwashe hiyo setingi. Mashine ikisharudi andika uname -v, linganisha na toleo la pakiti ambalo dpkg, programu ya Debian ya kuinstoo pakiti, inakuonyesha, namba mpaka ile ya mwisho kabisa baada ya kistari. Usilinganishe na namba za kerneli mama, ile ya Linux yenyewe kabla Debian hawajaigusa, uliyosoma kwenye habari, maana huko Dirty Pipe ilizibwa kwenye 5.10.102 na mwenye Debian ya 5.10.92-2 alikuwa salama vile vile, tazama tangazo la usalama la mfumo wako mwenyewe. Angalia pia /boot haijajaa, ikijaa kerneli mpya inashindwa kuinstoo na usipoisoma logi hutajua. Acha kerneli moja ya zamani ibaki ili mpya ikigoma kuwaka uwe na pa kurudia, zilizobaki toa.

Kuna wanaoniambia siku hizi ipo teknolojia ya kupachika rekebisho kwenye kerneli ikiwa inatembea, bila kuributi. Ipo, imo ndani ya Linux tangu toleo la 4.0 la 2015, na inasaidia sana ukiwa huwezi kuzima kwa saa chache au siku chache. Lakini sio kila rekebisho linapachikika hivyo, itakusogeza mpaka siku ya kuributi, haiifuti hiyo siku.

Na jamani tuache kujisifia siku ambazo seva haijazimwa. Naona vijana wanapiga picha skrini, siku 400, siku 600, wanapongezwa. Ndugu yangu, hizo ni siku 600 za matundu yaliyozibwa kwenye diski tu. Dirty COW, tundu jingine, ilikaa ndani ya kerneli tangu 2007, ikazibwa Oktoba 2016, miaka 9 chini ya macho ya watu wenye akili kuliko mimi na wewe. Mengine yamo humo muda huu, hatuyajui, na yakijulikana tutakachokuwa nacho ni hiyo apdeti na ujasiri wa kuizima mashine.

Yule msomaji nilimjibu kwa mstari mmoja, andika uname -v na uptime, inayoonyesha mashine imewaka kwa muda gani, unitumie. Akatuma. Mashine ina siku 212, na kerneli inayotembea imepitwa na pakiti tano zilizokwisha kuinstoliwa juu yake. Ameshaomba ruhusa kwa maandishi, anazima Jumapili saa nane usiku, na nimemwambia simu yangu itakuwa wazi.