Yale mabati

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Umeniuliza kama umwambie mumeo kwamba mshahara wako sasa umeupita wake. Unaogopa kwa ajili ya ule utafiti wa 2019 ulionisomea kwenye simu, wa Marekani, kwamba mke akishapita asilimia 40 ya kipato cha nyumba, mume huanza kukosa raha, na kadiri anavyopitwa ndivyo anavyozidi. Mimi nimekumbuka yale mabati.

Mwani ulipoingia kwetu Paje mwaka 1989, babaako alisema ni kazi ya kuchezea maji. Nikafunga taitai, vile vikamba vya mwani, bamvua baada ya bamvua, vidole vimechubuka kwa chumvi, mpaka pesa zangu zikapita za ngalawa yake. Hakusema kitu. Nami sikusema. Nikanunua mabati 30, nikangoja aende dago, kwenye kambi ya wavuvi, nikaita fundi, makuti yakashushwa. Aliporudi alisimama uani na kapu lake la ng'onda, akatazama juu, akatazama weee. Akasema, "Na mimi nilale wapi?"

Nyumba ni yake! Akalala barazani masika yote, mvua ikimpiga miguu. Usingizi ukamruka, chakula anakionja tu. Nyinyi leo mnaita sonona. Sisi tulisema kanuna.

Nilitaka kumpunguzia mzigo. Lakini kama ni hivyo, mbona nilingoja aende dago? Nilitaka mawifi wayaone yanavyong'ara, sikatai. Tena pesa ilikuwa yangu. Kwa dini yetu mali ya mke ni ya mke, na kutusitiri ni juu ya mume. Basi ndilo hilo nililomnyang'anya, lile lililo juu yake. Ah, lakini makuti yalivuja, na wewe ulikuwa na kifua, usiku kucha unakohoa. Ningefanyaje?

Kimya ndicho kinachomla mtu, si pesa. Dadaako nimemwambia, na wewe nakwambia. Hata utafiti wako ule, wanaume waliooa wanawake waliokuwa wakiwapita kipato tangu mwanzo hawakuonekana na dhiki hiyo. Walijua tangu siku ya posa. Babaako alijulishwa na mabati.

Ulimi unaniwasha, lakini sitakuamulia, ndoa ni yako. Ila kimya, mwanangu, kimya ndicho kinachomla mtu.

Idi njooni wote wawili. Babaako anauliza kama mumeo bado anapenda pweza wa nazi.

Mamaako