Kwa mnaoanza kazi ya fidia za manusura

Wadogo zangu mnaoingia kwenye msaada wa kisheria hapa Kigoma, mkiitwa kutoa maoni juu ya mpango wa fidia kwa watu waliodhulumiwa utotoni katika mabweni au vituo vya malezi, msianze na kiasi cha fedha. Ulizeni kwanza nani anatakiwa kuthibitisha nini, na kwa karatasi ipi.

Daftari la bweni lilikaa ofisini kwa wakubwa wa kituo. Wao ndio walioandika nani kaingia, nani katoroka, nani kachapwa. Kituo kikifungwa, madaftari huliwa na mchwa. Halafu leo mama wa makamo atoke Uvinza hadi mjini, aambiwe alete uthibitisho kwamba aliishi pale! Huo ni uonevu wa pili.

Kanada, kwa makubaliano ya mwaka 2006 kuhusu shule za bweni za watoto wa wenyeji wa asili, ilitoa dola 10,000 kwa mwaka wa kwanza shuleni na 3,000 kwa kila mwaka uliofuata. Hesabu nyepesi, ila kumbukumbu zilikuwa na mapengo, na wapo waliokataliwa miaka waliyoishi kweli. Mpango wa Australia, ulioanza Julai 2018, unauliza tu kama kuna uwezekano wa kuaminika kwamba jambo lilitokea, kigezo chepesi kuliko cha mahakamani. Kipiganieni hicho. Maneno ya aliyelala kitanda cha pili yahesabiwe, na cheti cha ubatizo pia.

Lakini jedwali la malipo la hukohuko Australia silikubali. Aliyeingiliwa kimwili anaweza kufikia dola 150,000, aliyeshikwashikwa mwisho wake 50,000, aliyedhalilishwa kingono bila kuguswa, 20,000. Limepima kitendo, likaacha maisha. Mtu anaweza kuwa hakuingiliwa na bado akashindwa kulea wanawe mpaka uzeeni. Tena jedwali la namna hiyo humlazimisha manusura aeleze viungo vya mwili mbele ya mgeni ili apande daraja. Afadhali Uskoti: kwa sheria yao ya mwaka 2021, mtu anachagua malipo ya kudumu ya pauni 10,000 bila kuchimbuliwa sana, au anaomba tathmini ya kina kwa kiwango cha juu zaidi. Hiari hiyo ni heshima.

Sasa njia ya kulipa, ambayo watunga mipango huiruka. Huku kwetu fedha hupita kwenye simu. Laini nyingine imesajiliwa kwa jina la mume au la mtoto mkubwa. Ujumbe unaingia, simu iko juu ya meza ya chakula, na nyumba nzima inasoma kiasi na jina la mtumaji. Mwanamke aliyetunza siri miaka thelathini anaanza kuhojiwa usiku huohuo. Kabla ya kujaza namba yoyote, muulizeni mkiwa wawili tu: laini ni ya nani, nani anaishika simu, angependa mtumaji aonekane kwa jina gani, anataka fedha kwa mkupuo au kidogokidogo? Akitaka akafungue akaunti Kasulu asikojulikana, msindikizeni.

Na kipengele chochote kinachomkataza manusura kusema alilipwa, kikataeni. Ayalandi iliweka katazo la aina hiyo katika sheria yake ya mwaka 2002, na wengi wakajiona wamefungwa midomo upya. Siri ni ya manusura. Aifiche au aiseme apendavyo.